Gramu 220 za protini kwa siku: zinaenda wapi, na figo zinasemaje?

SWALI: "Shikamoo daktari. Nina miaka 29, kilo 72, naishi Temeke. Nilianza jimu mwaka jana, nafanya siku nne kwa wiki. Mwalimu wangu kaniambia nile gramu 220 za protini kila siku. Asubuhi napiga mayai mabichi sita kwenye glasi, mchana na usiku kuku, katikati poda ya protini na ile kreatini. Ugali na wali nimeacha kabisa. Mwili umejaa kweli, lakini mkojo unatoa povu, jasho linanuka kama dawa ya nywele na gesi tumboni haiishi. Nimepima damu, kreatinini 118 na urea 8.1, kijana wa maabara akasema figo zimeanza kuchoka. Baba yangu ana presha, anameza dawa kila siku, sitaki kufika huko. Kuna wanaoniambia protini ikizidi inageuka sumu. Wengine wanasema nikipunguza nitasinyaa, na kwamba maharage si protini ya kweli. Maumivu ya misuli yakizidi namalizia na diklofenaki tu. Nishike lipi?"

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sentensi iliyonishtua kuliko zote ni ile uliyoitupia mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, ya diklofenaki. Nitaifikia. Kwanza nikutoe wasiwasi pale unapostahili kutolewa: protini uliyokula haijageuka sumu. Majibu yako ya damu hayatoshi kusema figo zimechoka, ingawa hayatoshi pia kusema ni nzima. Na karibu nusu ya protini unayoinunua haijengi msuli wowote.

Tuifuate hiyo protini kuanzia tumboni. Protini ni mnyororo mrefu wa amino asidi, na zinazotumika kujenga mwili ni aina 20. Tisa kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zije na chakula. Kuku uliyemla hafiki kwenye msuli akiwa kuku. Asidi ya tumboni inaukunjua ule mnyororo, kimeng'enya kiitwacho pepsini kinaanza kuukata, halafu kwenye utumbo mwembamba vimeng'enya vya kongosho, tripsini na wenzake, vinaukatakata mpaka zibaki amino asidi moja moja, au mbili tatu zilizoshikana. Hizo ndizo zinazopenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Zikishafika huko, laisini (mojawapo ya zile tisa) iliyotoka kwenye dagaa wa Mwanza na laisini iliyotoka kwenye kopo la poda ni kitu kilekile. Ini haliulizi bei.

Kitu ambacho mwalimu wako pengine hakukwambia ni kwamba mwili wenyewe unabomoa na kujenga upya protini zake usiku na mchana, takribani gramu 250 hadi 300 kwa siku kwa mtu mzima. Utando wa ndani wa utumbo unabadilishwa kila baada ya siku chache. Chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120, kisha inavunjwa. Amino asidi nyingi zinazotokana na ubomoaji huo zinachukuliwa tena na kutumika upya, na chakula kinakuja kufidia kile kilichopotea. Ndiyo maana mahitaji ya mtu mzima asiye na kazi nzito ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani (WHO), Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 iliweka gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito. Kwako hiyo ni gramu 60. Unayejenga misuli unahitaji zaidi ya hapo, nitakupa hesabu yake.

Sasa, zikizidi zinakwenda wapi? Wanga una ghala lake kwenye ini na misuli. Mafuta yana ghala ambalo, kwa bahati mbaya, halijai. Amino asidi hazina ghala. Hali yake ni ya muuza samaki wa Feri asiye na barafu: kisichouzika leo lazima kitafutiwe njia kabla jua halijazama. Msuli haujengwi kwa sababu malighafi imezidi, unajengwa kwa sababu umefanyishwa kazi na malighafi ipo ya kutosha. Ile ya ziada inavunjwa.

Uvunjaji wenyewe unakwenda hivi. Kila amino asidi ina kundi lenye naitrojeni na kiunzi cha kaboni. Hatua ya kwanza ni kuling'oa kundi la naitrojeni na kulihamishia kwenye molekuli nyingine, kazi ya vimeng'enya vinavyotegemea vitamini B6. Viwili kati yake ni ALT na AST, hivyo hivyo unavyoviona kwenye karatasi ya kipimo cha ini. Na kwa kuwa vimo pia ndani ya misuli, mtu aliyebeba vyuma vizito jana anaweza kupima leo akaambiwa ini lake bovu wakati ini halina hatia. Vijana wa namna hiyo nimewapokea wengi, wamekonda kwa hofu.

Naitrojeni iliyong'olewa mwishowe inatoka kama amonia, na hapa ndipo wale wanaokutisha kwa neno "sumu" wanapokuwa na robo ya ukweli. Amonia ni sumu, hasa kwa ubongo. Lakini ini zima haliiachi izurure. Linaishika na kuigeuza urea, ambayo inayeyuka kwenye maji na kutoka kwa mkojo bila ugomvi. Mzunguko huo wa kemikali ulielezwa mwaka 1932 huko Ujerumani na Hans Krebs na Kurt Henseleit. Misuli haina uwezo wa kutengeneza urea, kwa hiyo inaifungasha naitrojeni yake ndani ya amino asidi mbili, alanini na glutamini, na kuisafirisha kwa damu. Amonia inaanza kumpanda mtu kichwani pale ini linapokuwa limeharibika sana, kwa mfano sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, iliyotokana na homa ya ini B au pombe ya miaka mingi. Hata kwa wagonjwa hao siku hizi hatuwanyimi protini kama zamani, maana kusinyaa kwa misuli kunawaumiza zaidi. Kwa hiyo kijana wa miaka 29 mwenye ini zima hana sababu ya kuogopa kwamba kipande cha kuku kitamlewesha.

Kile kiunzi cha kaboni kilichobaki hakitupwi. Kinachomwa kupata nguvu, kalori 4 kwa kila gramu, kama wanga tu. Au kinageuzwa kuwa sukari, au mafuta. Na hapo kisa chako kinachekesha kidogo, uniwie radhi. Umeacha ugali na wali, lakini ubongo na chembe nyekundu za damu bado vinadai sukari. Ini linafanya nini? Linachukua amino asidi za kuku wako, linang'oa naitrojeni, na kiunzi kinageuzwa sukari. Umekwepa ugali wa buku ili ule sukari iliyotengenezwa kwa minofu ya kuku. Harufu ya amonia kwenye jasho, ile uliyoifananisha na dawa ya nywele, inaingia humo humo: mazoezi makali, wanga hakuna, maji kidogo, mwili unachoma amino asidi nyingi kuliko inavyohitajika. Rudisha ugali, wali au viazi vitamu kwenye mlo wa kabla na baada ya mazoezi, kunywa maji, na mara nyingi harufu inapungua yenyewe.

Hesabu niliyokuahidi ni hii. Gramu 220 kwa kilo 72 ni gramu 3 kwa kila kilo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 49 za watu wanaobeba vyuma, ulionyesha kwamba ongezeko la misuli linakoma kufuata ongezeko la protini mahali fulani karibu na gramu 1.6 kwa kilo. Kwako hiyo ni kama gramu 115. Ukitaka kujiwekea akiba ya uhakika, nenda hadi 2 kwa kilo, sina ugomvi na hilo kama figo zikithibitika kuwa nzima. Ila gramu mia na kitu zinazobaki zinavunjwa tu. Protini ina naitrojeni asilimia 16 hivi, kwa hiyo gramu 100 za ziada zinazalisha takribani gramu 34 za urea, ini linazitengeneza na figo zinazitoa, kila siku ya Mungu. Urea yako ya 8.1 inaelezeka kwa njia hiyo. Kwa ulaji wako ningeshangaa kama isingepanda.

Kreatinini, taka ambayo figo huitoa na ambayo tunaitumia kukadiria kazi yake, ni hadithi nyingine, na watu wengi wanaichanganya na urea. Haitokani na huo uvunjaji nilioueleza. Inatokana na kreatini iliyomo kwenye misuli, ambayo sehemu yake ndogo inageuka kreatinini kila siku bila kuombwa. Mwenye misuli mingi anayo zaidi. Anayekunywa kreatini ya kopo anayo zaidi. Aliyekula nyama iliyopikwa usiku wa kuamkia kipimo anayo zaidi pia. Wewe una yote matatu. Nikiingiza 118, umri wako na jinsia yako kwenye kanuni inayotumika sasa, uwezo wa figo kuchuja unakuja kama mililita 74 kwa dakika. Kwa namba hii peke yake tunaanza kutaja ugonjwa sugu wa figo ikishuka chini ya 60, tena ikidumu miezi mitatu au zaidi. Kijana wa maabara aliruka hatua. Lakini kwa umri wako ningependa kuona 90 na kupanda, kwa hiyo usiichukulie karatasi hiyo kama cheti cha afya.

Povu nalo lina maana zaidi ya moja. Mkojo ukitoka kwa kasi unapiga povu. Mkojo mzito wa mtu asiyekunywa maji unapiga povu. Hayo yanapotea upesi. Linalonitia shaka ni povu dogo dogo, jeupe, linalobaki juu ya maji dakika kadhaa na kurudi kila siku, kwa sababu linaweza kuwa albumini. Na hapa ondoa dhana moja: protini inayoonekana kwenye mkojo haitoki moja kwa moja kwenye sahani yako. Kuku na poda vinatoka kama urea. Albumini ni protini ya damu yako mwenyewe, imepenya kwenye kichujio cha figo ambacho kilipaswa kuizuia. Mazoezi makali nayo yanaweza kuivujisha kwa siku moja hivi kisha ikaacha, ndiyo maana hatupimi mkojo siku ya kutoka jimu.

Sasa diklofenaki. Figo haziwezi kuchuja bila damu kuingia kwa msukumo wa kutosha. Mwili ukipungukiwa maji, kuna kemikali ziitwazo prostaglandini zinazouweka wazi mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinatuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa kemikali hizo hizo. Mtu mwenye afya aliyemeza vidonge viwili kwa jino linalouma, mwenye maji mwilini, kwa kawaida hapati shida. Wewe unatoka jasho kwa saa nzima kwenye joto la Dar es Salaam, pengine hunywi maji ya kutosha, figo zina mzigo wa urea, halafu unaufinya mshipa unaozilisha. Ukirudia hivyo wiki baada ya wiki, unaweza kuziumiza figo kweli, na kipimo kikikuonyesha utailaumu protini. Tena dawa hizi zinapandisha presha, na wewe presha iko kwenye familia. Zinauzwa bila cheti karibu kila kona, na nadhani ndiyo sababu watu hawazihesabu kama dawa. Acha leo. Maumivu ya misuli ya siku mbili tatu baada ya mazoezi ni ya kawaida. Pumzisha sehemu hiyo, tembea, lala vizuri. Ukishindwa kabisa, parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na kama mazoezi yako kila mara yanahitaji kidonge ili ulale, basi uzito unaobeba umekuzidi.

Kuhusu mayai mabichi, hapo nitakuwa mkali. Watafiti wa Ubelgiji walipima jambo hili mwaka 1998: protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa na kufyonzwa asilimia 91, ya yai bichi asilimia 51. Ute mbichi una kitu kinachozuia tripsini kufanya kazi, na kingine kinachoshika vitamini iitwayo biotini. Ile nusu isiyomeng'enywa inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanaisherehekea, na matokeo yake unayasikia wewe na jirani yako kwenye daladala. Ongeza hatari ya salmonela, bakteria wa kuharisha. Chemsha. Kama gesi haitaisha baada ya hapo, iangalie poda: nyingi zimetengenezwa kwa maziwa, na watu wazima wengi wa kwetu hawamudu sukari ya maziwa. Jaribu wiki moja bila poda uone.

Poda si lazima hata kidogo. Si haramu pia. Ni chakula kilichokaushwa, basi. Ninachokataza ni ile ya kupimiwa kwenye mfuko, isiyo na lebo wala nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), maana hujui kilichochanganywa humo. Wala usihangaike na imani kwamba mwili haushiki zaidi ya gramu 30 kwa mlo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2023 uliwapa watu gramu 100 kwa mkupuo baada ya mazoezi, na misuli iliendelea kuzitumia kwa saa nyingi. Kula milo yako kama kawaida.

Na aliyekwambia maharage si protini ya kweli amesikia nusu ya somo. Maharage yana amino asidi zote tisa, ila yana methionini kidogo. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani, lakini methionini yanayo. Ukiyaweka pamoja, kila mmoja anafunika pengo la mwenzake, na bibi zetu waliopika makande hawakusubiri maabara iwaambie. Si lazima hata yawe kwenye chungu kimoja, ilimradi ni ndani ya siku hiyo hiyo. Kasoro ya kweli ya maharage ni kwamba yanafyonzwa pungufu kidogo kuliko yai au samaki, na yanataka kulowekwa na kuiva vizuri. Nikupe siku moja uone: mayai matatu ya kuchemsha, gramu 19. Nusu lita ya maziwa au mtindi, 16. Bakuli la maharage yaliyoiva, robo kilo, kama 20. Samaki au kuku aliyepikwa, gramu 150 za mnofu, karibu 38. Ugali wa gramu 200 za unga, kama 15. Kiganja cha karanga, 7. Jumla umeshafika 115 bila kufungua kopo. Kama maziwa yanakusumbua, ongeza dagaa. Wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao.

Hutasinyaa. Punguza protini hadi hapo, rudisha wanga, endelea na vyuma.

Kipimo tukirudie kwa utaratibu. Acha kreatini kwa wiki mbili hadi tatu, na diklofenaki moja kwa moja. Siku mbili za mwisho usiende jimu, usiku wa mwisho usile nyama nyingi, na kunywa maji kama kawaida. Asubuhi pima kreatinini upya, na upeleke mkojo wa kwanza wa siku kwa ajili ya uwiano wa albumini na kreatinini. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni sawa. Hospitali kubwa wanaweza pia kupima sistatini C, kipimo kingine cha damu cha kazi ya figo, ambayo haiyumbishwi sana na wingi wa misuli. Mwombe muuguzi akupime presha, maana mtoto wa mwenye presha hapaswi kuambiwa kwanza na ugonjwa.

Albumini ikionekana, au kreatinini ikigoma kushuka, usisubiri na usijitibu kwa majani wala dawa za kusafisha figo. Mwone daktari wa magonjwa ya ndani au wa figo. Kwa mtu ambaye figo zake tayari zimeathirika hesabu zote nilizokupa zinabadilika: figo zikishapungukiwa uwezo kiasi cha kutosha tunamshusha hadi gramu 0.8 kwa kilo, na hata mapema zaidi hatupendi avuke 1.3 kama ugonjwa uko kwenye hatari ya kusonga mbele. Mpango wake unapangwa pamoja na mtaalamu wa lishe.

Kuna hali nyingine ambazo hata kesho ni mbali. Mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa baada ya mazoezi makali, misuli ikiwa imevimba na inauma kupita kawaida, ni dalili kwamba msuli umevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo uso au miguu ikivimba, mkojo ukipungua sana, au ukiona damu. Ukienda, beba kopo la poda, la kreatini na karatasi ya majibu ya kwanza, na umtajie daktari kila kidonge ulichomeza mwezi huu, hata kile cha dukani.